Sahihi za Majirani

Gakii ni muuguzi. Anafanya kazi katika zahanati ya Harlan Creek, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Dallas kwenda Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Mumewe, Kigen, ni dereva wa treela. Wana binti mmoja, Chebet, ambaye yuko shule ya sekondari. Nyumba yao iko mwisho wa barabara ya changarawe. Upande mmoja kuna malisho ya ng'ombe. Upande wa pili kuna shamba la nyasi.

Asubuhi zao nyingi zilifanana. Kigen alikagua matairi na taa za treela. Chebet alikula mkate huku akitafuta kitabu. Gakii alikunywa chai akiwa amesimama, kisha akaingia kwenye gari kwenda kazini. Akikutana na jirani barabarani, alimpungia mkono. Jirani naye alimpungia. Mambo yaliishia hapo. Walikuwa wamekaa miaka mingi kwenye barabara ile bila kuingia katika nyumba ya mtu.

Marafiki zao walikuwa Euless, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas. Huko kulikuwa na kanisa la Wakenya. Kila Jumapili waliendesha gari karibu saa mbili kwenda kusali, kunywa chai na kuzungumza Kiswahili.

Mwaka mmoja hospitali ya mji wa jirani ilifunga wodi ya wazazi. Walisema madaktari hawapatikani. Tangu hapo, mama mjamzito wa Harlan Creek alilazimika kusafiri zaidi ya saa moja ili ajifungue.

Asubuhi moja ya Agosti, pikapu ilisimama mbele ya zahanati. Ndani kulikuwa na mwanamke kijana. Mtoto alikuwa ameshaanza kutoka. Daktari hakuwepo. Gakii alivaa glovu akamzalisha pale pale kwenye kiti cha gari. Mtoto hakulia mara moja. Gakii alimsugua mgongo kwa taulo mpaka akalia.

Nyanya wa mtoto alikuwa ndiye dereva. Mikono yake ilikuwa bado imeshika usukani.

"Asante," alisema. "Lakini angetanguliza miguu, ingekuwaje?"

Gakii alimfunika mtoto kwa taulo kavu, akampa mama yake.

Jioni alimweleza Kigen habari hiyo mezani. Kisha akasema, "Mbunge wetu hana mpinzani. Hakuna anayemuuliza kuhusu wodi. Nataka kugombea kiti cha bunge la jimbo."

Kigen aliacha kula. "Wewe, Mama Chebet?"

"Mimi. Nimesoma sheria. Mgombea awe raia. Awe amefikisha umri wa miaka ishirini na mmoja. Awe amekaa Texas miaka miwili, na katika eneo bunge lake mwaka mmoja. Hayo yote ninayo."

"Na siasa za hapa unazijua?"

"Sizijui. Nitajifunza."

Kigen alifikiri kidogo. "Sawa. Niambie pa kuanzia."

Walianza vizuri. Sheria inasema mgombea asipokee mchango wala asitumie pesa za kampeni kabla ya kumtaja mweka hazina wake. Gakii alimtaja Kigen, na barua ikapelekwa kwenye ofisi ya jimbo inayohusika. Kisha Gakii alienda kwa watu wa chama chake. Walimweleza kwamba kuna njia mbili za kuingia katika uchaguzi wa mchujo. Mgombea anaweza kulipa ada. Au anaweza kuleta sahihi za mamia ya wapiga kura wanaomuunga mkono.

Gakii alichagua sahihi. Alitaka ionekane kwamba ana watu. Alipofikiria watu wake, alifikiria Euless.

Jumapili iliyofuata alimpa karatasi Mzee Onyancha. Mzee Onyancha alikuwa mzee wa kanisa, na alifanya kazi ya kupakia mizigo ya ndege. Watu walimpenda kwa sababu hakuna jambo alilokataa kusaidia. Baada ya ibada alisimama karibu na birika la chai.

"Ndugu zangu," alisema, "dada yetu anataka kuingia bungeni. Kalamu ziko mezani. Tusaini."

Watu walipanga foleni kwenye meza tatu. Shiru alisaini jina lake, kisha akasaini na la mumewe, ambaye alikuwa kazini. Lemayian, kijana anayesomea kompyuta, alisaini pia. Hakuna aliyesoma maneno yaliyoandikwa juu ya karatasi. Chai ilipokwisha, kurasa zilikuwa zimejaa.

"Unaona?" Mzee Onyancha alimwambia Gakii. "Siasa ni watu, na watu tuko nao."

Gakii alirudi nyumbani na moyo mwepesi. Bado zilihitajika sahihi nyingine. Akaamua kwenda Houston kwa rafiki yake Cécile.

Cécile alitoka mashariki ya Kongo na kuingia Amerika kama mkimbizi. Yeye na Gakii walisoma pamoja kozi ya kuhudumia wagonjwa, zamani Gakii alipokuwa anaishi Houston. Baadaye Cécile aliacha kazi ya wagonjwa. Sasa anafanya kazi katika shirika linalofundisha raia wapya namna ya kupiga kura. Pia kaunti yake imemruhusu kuandikisha wapiga kura. Anaishi Gulfton, mtaa wa Houston, katika jengo la vyumba vingi ambalo watoto huchezea mpira mahali pa kuegesha magari.

Cécile alimkaribisha kwa wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Walipomaliza kula, Gakii aliweka karatasi mezani.

"Hizi ni za Euless," alisema. "Nataka unisaidie kupata nyingine kwa Wakongo wa hapa."

Cécile alivaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Dada, huyu Shiru anakaa wapi?" aliuliza.

"Euless."

"Na Euless iko ndani ya eneo bunge lako?"

Gakii aliinama kuangalia anwani kwenye karatasi.

"Bon, haya," Cécile alisema kwa upole. "Soma maneno ya hapa juu. Soma kwa sauti."

Gakii alisoma. Maneno yalisema kwamba anayesaini anajua karatasi ni ya kumwezesha mgombea kuingia katika mchujo wa chama fulani. Yalisema pia kwamba, akishasaini, hawezi kupiga kura katika mchujo wa chama kingine.

"Kwa hiyo mtu akisaini anajifunga," Cécile alieleza. "Ndiyo sababu lazima asomewe kwanza. Kanisani mliwasomea?"

"Hapana."

"Anayesaini awe ameandikishwa kupiga kura ndani ya eneo lako. Anaandika jina, anwani ya nyumbani, na tarehe ya kuzaliwa au namba yake ya mpiga kura. Anasaini yeye mwenyewe. Mke hasaini kwa ajili ya bwana, na bwana hasaini kwa ajili ya mke. Na kama ameshamsainia mgombea mwingine wa kiti hiki hiki, basi, kwako hawezi."

Gakii aliangalia sahihi mbili za Shiru. Mwandiko ulikuwa mmoja.

"Na huyu?" Cécile aliweka kidole kwenye jina la Lemayian.

"Ana green card tu, kibali cha kuishi hapa. Ameomba uraia, anangoja kuitwa."

Cécile alivua miwani. "Karatasi hii ni ya wapiga kura. Kupiga kura ni kwa raia. Sisemi atafungwa. Lakini mtu anayengoja uraia asiandike jina lake mahali ambapo ni raia tu anatakiwa. Siku ya mahojiano wanaweza kumuuliza. Atajibu nini?"

"Hakujua, Cécile. Hata mimi sikujua."

"Najua. Ndiyo maana karatasi hizi zisitoke nje ya mikono yako." Akageuza ukurasa. "Hapa mwisho kuna kiapo. Yule aliyezungusha karatasi anaapa mbele ya afisa kwamba alisoma maneno kwa kila mtu, aliona kila mtu akisaini, na alihakikisha kila mmoja ameandikishwa. Nani ataapa?"

Gakii alizikusanya karatasi. Sauti za watoto zilisikika kutoka chini. Wali ulikuwa umepoa kwenye sufuria.

"Naweza kupata sahihi hapa Gulfton?" aliuliza mwishowe, ingawa jibu alilijua.

"Hapana, dada. Watu wa hapa wana mbunge wao."

Akiwa njiani kurudi, Gakii alimpigia simu Mzee Onyancha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini wiki zimebaki chache kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka karatasi," alisema. "Kazi ya watu wote hao itupwe? Kigen si mume wako? Aape tu. Nani atakuja kukagua karatasi moja moja?"

Gakii alisema watazungumza baadaye. Alijua wazo lile ni baya. Lakini alipokuwa akiendesha, lilikuwa likimrudia.

Kigen alikuwa jikoni akisonga ugali. Gakii alimweleza yote, hata maneno ya Mzee Onyancha. Kigen aliendelea kusonga.

"Siku ile nilikuwa nje ya kanisa," alisema. "Nilikuwa namsaidia mtu kubadilisha taa ya breki. Sikuona hata mtu mmoja akisaini. Nitaapaje kwamba niliona?"

"Sikuambii uape."

"Basi tulipe ada. Inaruhusiwa. Utaingia kwenye mchujo, na mambo yataisha."

Ilikuwa njia halali na rahisi. Gakii alikaa kwenye kiti. Alikumbuka Cécile alivyomwambia walipokuwa wanaagana mlangoni: jina linaweza kuwa kwenye karatasi ya kura, na asipatikane mtu wa kulichagua.

"Baba Chebet," alisema, "unajua kwa nini nilikimbilia Euless? Sikwenda kule kwa sababu ya haraka. Ninawaogopa watu wa hapa. Naogopa kubisha hodi. Naogopa mbwa, na bunduki, na mtu kuniuliza ninatoka wapi. Nataka kura zao na sijawahi kufika milangoni kwao."

Kigen alizima jiko. "Na mimi ninawaogopa," alisema. "Lakini mimi sigombei."

Gakii alicheka kidogo. Kisha akachukua karatasi za Euless akazichana.

Alipoambiwa, Mzee Onyancha alikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu alimwendea Lemayian na kumweleza kosa lilivyotokea, na kwamba jina lake halikufika popote. Lemayian alishukuru. Hakuwa amelala vizuri tangu aliposikia uvumi kuhusu karatasi zile. Jumapili Mzee alisimama tena karibu na birika la chai na kuwaeleza wote. Alisema kosa lilikuwa lake, na hakutafuta maneno ya kulipunguza.

Gakii alianza upya. Alienda ofisi ya kaunti akaomba nakala ya daftari la wapiga kura. Humo aliona majina na anwani za watu wa barabara yake. Jumamosi alivaa viatu vya kutembelea akaanza.

Nyumba ya kwanza hakuna aliyefungua. Kwenye nyumba ya pili mama mmoja alisema "hapana" akiwa nyuma ya pazia. Kwenye ya tatu mbwa wawili walimfukuza mpaka kwenye gari. Gakii alikaa ndani ya gari, vioo vimefungwa, akafikiria kurudi nyumbani. Kisha akaenda nyumba ya nne.

Hapo aliishi mzee anayeitwa Tolliver, mfugaji wa mbuzi. Alikuwa anatengeneza uzio. Gakii alijitambulisha.

"Wewe ndiye muuguzi," Tolliver alisema. "Unaendesha gari la kijivu. Huwa tunapungiana mikono."

"Ndiyo, ni mimi."

Alimweleza kwa nini anagombea. Tolliver alisikiliza. Alisema mke wa mwanawe ana mimba, na barabara ya kwenda hospitali inawatia wasiwasi. Akanyoosha mkono apewe kalamu.

Gakii angeweza kumpa. Badala yake alisema, "Kwanza nikusomee haya maneno."

Alisoma polepole. Alipofika mahali pa mchujo wa chama kingine, Tolliver alirudisha mkono.

"Siwezi," alisema. "Nimepiga kura katika chama kile maisha yangu yote. Kuna mchujo wa mkuu wa polisi wa kaunti, na nataka kupiga kura yangu huko."

"Basi usisaini," Gakii alisema. "Asante kwa kunisikiliza."

Tolliver alimwangalia. "Ungenyamaza, ningesaini."

"Ningekuwa nimekunyang'anya kura yako."

Mzee yule aliegemea uzio. Akaanza kumweleza mambo ambayo hayamo katika sheria yoyote. Ukifika kwenye geti, piga honi, usiingie moja kwa moja. Simama mahali unapoonekana. Usiende wakati watu wanakula. Ijumaa nenda kwenye mpira wa shule, kaunti nzima iko pale. Akamtajia pia nyumba tano za watu wa chama cha Gakii.

"Waambie umetoka kwangu," alisema.

Kuanzia hapo kazi ilienda. Kila Jumamosi, na kila alasiri asipokuwa kazini, Gakii alipiga honi kwenye mageti. Alisoma maneno kwa kila mtu. Aliangalia jina kwenye daftari kabla ya kutoa kalamu. Kama mtu hakuwa ameandikishwa, alimweleza aende ofisi ya kaunti, na kwamba lazima afanye hivyo mapema. Texas inataka mtu aandikishwe siku thelathini kabla ya uchaguzi. Kama mtu alikuwa amehama kutoka kaunti nyingine, alimweleza ajiandikishe upya mahali anapoishi sasa.

Wengine walimfukuza. Mmoja alimwambia arudi kwao. Gakii alimjibu kwamba kwao ni nyumba ile ya mwisho wa barabara, kisha akaondoka. Garini aliweka alama kwenye daftari, akaenda nyumba nyingine. Lakini wengi walimpa kiti na maji ya barafu, wakamweleza mambo yao. Hawakuzungumzia wodi peke yake. Walizungumzia kisima kilichoharibika, simu zisizoshika mtandao, daraja linalofunikwa na maji.

Mzee Onyancha alikuja Jumamosi tatu kutoka Euless. Sheria haikumkataza kuzungusha karatasi, mradi afuate taratibu. Alisimama nje ya uwanja wa mpira na kumsomea kila mtu maneno yale kwa sauti ya mahubiri. Watu walisimama kumsikiliza. Kila aliyesaini, alimwona kwa macho yake. Siku ya kiapo aliinua mkono bila wasiwasi.

Karatasi zilipelekwa kabla ya siku ya mwisho. Chama kilizikagua. Sahihi chache zilikataliwa kwa sababu anwani hazikusomeka vizuri, lakini Gakii alikuwa amekusanya za ziada. Jina lake likaingia. Machi alipita katika mchujo.

Novemba alishindwa. Eneo bunge ni kubwa, na nje ya kaunti yake watu wengi hawakumjua. Lakini katika kituo cha Harlan Creek alipata kura nyingi kuliko mbunge. Jambo hilo halikuwa limetokea kwa miaka mingi. Kigen alipika nyama. Majirani walikuja na vyakula vyao, na magari yakajaa kwenye barabara ya changarawe.

Lemayian alikuwepo. Alikuwa ameapishwa kuwa raia mwaka ule. Alizungumza na Cécile kwa muda mrefu kuhusu kuandikishwa Euless, mahali anapoishi.

Wiki chache baadaye mbunge alimpigia Gakii simu. Alitaka kujua amesema nini kwa watu wa Harlan Creek.

"Sikusema mengi," Gakii alijibu. "Njoo nikuonyeshe walichosema wao."

Alikuja. Gakii alimweka kwenye gari lake, akaendesha kutoka zahanati hadi hospitali ambayo bado inazalisha. Njiani walipita daraja lile linalofunikwa na maji. Mbunge alitoa simu yake na kuona kwamba haishiki.

"Mama akishikwa na uchungu hapa anafanyaje?" aliuliza.

"Anajifungua hapa," Gakii alisema.

Mbunge alihesabu dakika mpaka walipofika. Kikao cha bunge kilipoanza Austin, makao makuu ya jimbo, alimwita Gakii kueleza mbele ya kamati. Gakii alienda na wanawake wawili aliowajua kwa kubisha hodi. Mmoja alikuwa mkwe wa Tolliver, aliyebeba mtoto wake mgongoni.

Wodi haijafunguliwa. Lakini kaunti imepata gari la wagonjwa linalokaa Harlan Creek usiku na mchana, na wahudumu wake wamefundishwa kuzalisha. Gakii ndiye aliyewafundisha baadhi yao.

Mwaka huu karatasi mpya za sahihi zimetoka. Jumamosi iliyopita Gakii alivaa viatu vyake vya kutembelea. Alianza na kaunti ya pili ya eneo bunge lake, kwenye barabara ambazo hakufika mara ya kwanza.